Barua kwa Naomi

Mtoto wa Kiswahili hufundishwa sitara kabla hajafundishwa kusoma. Kilichotokea ndani hakitoki nje, na mgeni akiuliza hali, nyumba nzima haijambo. Mimi nilifundishwa na bibi yangu mzaa baba, huko Kisauni, mwaka ambao mama alirudi kwao Lamu. Baba alikuwa amepoteza kazi yake bandarini, akaanza kupotea na nyumbani pia, na mwisho tukasikia, tena kwa watu wa nje, kwamba ana mke mwingine Likoni. Mama alifunga sanduku lake asubuhi moja, akatubusu, akaondoka. Bibi akatuketisha mkekani, mimi na wadogo zangu, akatupa jibu la kusema: mama amekwenda kumuuguza mamake. Tukalisema dukani, tukalisema chuoni, tukalisema shuleni, mpaka likawa linatutoka lenyewe. Wanawake wa mtaa waliuliza huku wakijua kila kitu. Walikuwa wakitupima tu kama tumelelewa.

Siibezi sitara. Bibi alikuwa akituhifadhi, na alijua anachokihifadhi: heshima ya wasichana wa nyumba ile, posa ambazo zingekuja baadaye, na heshima ya mama mwenyewe, ambaye hakutaka asimuliwe kwenye kila kibaraza. Mwenye kuanika aibu ya nyumba yake hapati msaada kila mara. Mara nyingi hupata kuchekwa. Lakini msichana wa miaka 14 aliyebebeshwa siri ya watu wazima hana pa kuiweka. Hawezi kumwambia rafiki, kwa kuwa rafiki ana mama, na mama ana mashoga zake. Hawezi kumwambia mwalimu. Hata kulia mchana hawezi, maana ataulizwa analilia nini.

Wakati huo ndipo Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilipoingia nyumbani kwetu. Riwaya hiyo ilitoka 1980. Aliileta dada yangu, mtoto wa ami, ambaye alikuwa kidato cha tatu, nayo ilikuwa imevishwa gazeti kwa sababu ndani mna mambo ambayo wakubwa hawakutaka tuyasome. Mzee Maksuudi ni tajiri, ni mtu wa siasa, nje anaheshimika. Ndani amemfungia mkewe, Bi Tamima, pamoja na binti yake Maimuna, hawatoki. Siku uchungu wa kuzaa unapomshika Bi Tamima mume hayupo, na Biti Kocho, mtumishi wao, anakwenda kumwita Bi Farashuu aje amzalishe, mwanamke ambaye Maksuudi hataki kabisa akanyage nyumbani kwake. Katika heka heka zile Maimuna anapata mwanya, anatoka. Mume akirudi, Bi Tamima anapata kipigo na talaka.

Nilikisoma kitabu kile kwa taa ya kandili, nikikificha chini ya mto bibi alipopita. Mimi sikuwa nimefungiwa. Baba yangu hakuwa tajiri, hakuwa mwanasiasa, wala hakuwa na ukatili ule. Kilichonishika ni kwamba mtu ameketi akamweleza baba. Baba mzima, mwenye nyumba, ameelezwa anavyoonekana na watu walio ndani, jinsi wanavyobadilika anapoingia na jinsi wanavyopumua anapotoka. Sikujua kwamba jambo hilo linaruhusiwa. Kwetu baba alisalimiwa, aliandaliwa chakula, aliombewa dua. Hakuelezwa.

Jioni moja nilimwambia dada yangu, tukiwa tunachambua mchele uani: "Huyu Maksuudi hafai." Akaniangalia kidogo, akasema: "Hafai kabisa." Tukaanza kumzungumza Maksuudi. Tulimzungumza mpaka mchele ukaisha na giza likaingia. Tulisema kwa nini mwanamume anaweza kuwa mzuri kwa wenzake na mbaya kwa wake; kwa nini mama hasemi; kwa nini mtoto anaona haya kwa kosa ambalo si lake. Ami yangu naye alikuwa na mambo yake, nami nilikuwa nayajua kama dada yangu alivyoyajua ya kwetu. Hatukumtaja baba yake wala baba yangu. Hakuna siri iliyotoka. Lakini usiku ule nililala vizuri, na ninaamini hata yeye.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kuhusu riwaya za wasichana na matatizo ya nyumbani, baada ya miaka mingi ya kuzisoma na kuzifundisha. Faida yake kubwa si maonyo, ingawa maonyo ndiyo yanayotangazwa nyuma ya jalada. Faida yake ni kwamba zinampa msichana mdomo bila kumnyang'anya sitara. Anaweza kulia kwa ajili ya Maimuna mbele ya watu. Anaweza kumkasirikia mama wa kwenye kitabu kwa sauti, darasani, na asiwe amemvunjia mama yake heshima.

Rosa Mistika niliisoma nikiwa chuo cha ualimu. Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa muda, na marufuku hiyo ndiyo iliyotufanya sisi wanachuo tuitafute. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa 1944 kijijini Namagondo, kisiwani Ukerewe, na kijijini hapohapo ndipo alipomweka Rosa, msichana wa riwaya hiyo. Zakaria, baba yake, ni mlevi na ni mkali. Ikionekana barua ya mvulana, jibu ni kipigo. Rosa anakua akiwaogopa wavulana kwa sababu ya mkono wa baba, si kwa sababu ya jambo lolote alilolielewa mwenyewe. Siku anapopelekwa shule ya bweni, mbali na mkono ule, hana kingine kilichobaki cha kumwongoza. Anaanguka, na mwishowe anajiua. Waliokizuia kitabu waliona mapenzi ndani yake. Mimi niliona nyumba, na baba aliyedhani kwamba kumtisha mtoto ndiko kumlea.

Nawaheshimu waandishi hawa wawili. Walimshika baba mahali ambapo hakuna aliyekuwa akithubutu kumgusa, wakasema waziwazi kwamba kosa lilianzia kwake. Lakini Utengano ilipofanywa kitabu teule katika sekondari za Kenya na mimi nikasimama kuifundisha, nilisikia swali ambalo nilipokuwa na miaka 14 sikulijua hata kuliuliza. Msichana mmoja wa safu ya nyuma alinyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, Maimuna akibaki ndani ni kufungiwa. Akitoka ni baa na ulevi. Sasa aende wapi?" Darasa likanyamaza likinitazama. Nilimwambia kwamba Maimuna baadaye anajinasua, na ni kweli, lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko jibu langu. Katika riwaya zetu nyingi za zamani baba hukosa, na msichana ndiye anayelipa kwa mwili wake. Rosa analipa kwa uhai. Katika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, iliyotoka 2002, Zita na nduguye Peter wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, huku baba yao, Mzee Lomolomo, akiwa mnywa gongo. Wanaishia kuokotaokota jalalani, na huko Zita anang'atwa na mbwa mwenye kichaa, anakufa. Mbogo aliandika kwa huruma kubwa, na mji wa Dar es Salaam aliouandika upo. Hata hivyo msichana anayesoma vitabu hivi kimoja baada ya kingine anaweza kuondoka na fikra moja tu: kwamba nyumba ikiharibika, na yeye amekwisha.

Fikra hiyo si ya kweli, na ni wajibu wetu tulio watu wazima kusema hivyo. Mimi sikwisha. Dada yangu hakwisha.

Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei ilipoletwa kama kitabu teule, niliisoma kwanza peke yangu wakati wa likizo, nikafika kwa Umulkheri, anayeitwa Umu, nikaweka kitabu chini. Mama yake, Naomi, anaiacha nyumba mambo yanapomwendea vibaya mumewe, Lunga. Lunga anakufa. Msichana anabaki na wadogo zake wawili, Dick na Mwaliko, chini ya yaya anayeitwa Sauna, na Sauna anawaiba watoto wale. Umu anarudi na kukuta nyumba tupu. Mtoto huyu amefikwa na mambo ambayo katika riwaya za zamani yangemmaliza kabla ya sura kwisha. Lakini Matei hammalizi. Umu anakwenda mjini, anakutana na Hazina, kijana wa mtaani ambaye yeye Umu aliwahi kumfadhili, na Hazina anamshika mkono. Baadaye Mwangeka na mkewe Apondi wanamchukua awe binti yao. Anarudi shule.

Huko shuleni, Tangamano, ndiko kuliko na sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wasichana wanakaa wanasimuliana. Kairu anaeleza ukimbizi wa ndani baada ya vurugu za uchaguzi. Mwanaheri anaeleza mama aliyeondoka. Zohali anaeleza mimba na maisha ya mitaani. Chandachema anaeleza alivyolelewa na nyanya yake, na kilichomkuta nyanya alipofariki. Hakuna mtu mzima anayewahoji na hakuna anayewahukumu. Mmoja anamaliza, mwingine anaanza, na Umu anayesikiliza anaona kwamba si yeye peke yake. Mwandishi mwanamke aliyaandika haya, na naona inaonekana: alijua wasichana wanavyokaa taa zikishazimwa bwenini.

Namtaja Zohali tena kwa sababu ya jambo lililo nje ya kitabu. Kenya imekuwa na mwongozo wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu 1994. Tanzania ilifungua mlango huo Novemba 2021. Msichana wa leo aliyepata mimba ana haki ambayo Rosa hakuwa nayo, lakini wasichana wengi hawaijui, na vitabu vingi vinavyomsubiri kwenye rafu ya maktaba bado vinamwambia kwamba ameshahukumiwa. Zohali aliyeketi darasani na sare yake ana nguvu kuliko mabango yote ya wizara.

Machi 2020 shule za Kenya zikafungwa kwa ajili ya korona. Watahiniwa walirudi Oktoba. Wengine wakarudi Januari 2021. Kila mwalimu wa shule ya wasichana anakumbuka Januari ile. Walirudi warefu zaidi na wakimya zaidi. Walikuwa wamekaa nyumbani muda ambao hawajawahi kukaa tangu waanze shule ya bweni, katika nyumba ambazo watu walikuwa wamepoteza kazi, ambazo pesa za mboga ziligombaniwa, ambazo baba aliyezoea kutoka alfajiri alikuwa ameketi sebuleni mchana kutwa. Baadhi hawakurudi kabisa. Tulikuwa tumefika kwa Umu kabla ya kufungwa, na nilipofungua tena ukurasa ule nilihisi darasa limebadilika. Hakuna aliyekuwa akiandika muhtasari. Walikuwa wakisikiliza.

Nikawapa kazi ya insha: jifanye wewe ni Umu, umwandikie barua mama yako, Naomi. Barua ya kirafiki tu, ya kawaida, anwani juu kulia, maamkizi, mwili, hitimisho. Wengi waliandika vizuri. Wengine walinakili mawazo ya mwongozo, kama kawaida. Ikaja moja ya msichana wa kidato cha tatu, ambaye jina lake halitatajwa hapa na ambaye nimembadilishia mambo kadhaa ili asijulikane. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Umu: Lunga amekufa, Sauna amewachukua watoto, niko mjini. Ukurasa wa pili jina la Naomi likapotea, likabaki "mama" peke yake. Kisha kikaingia kitu kingine. Sinia la bluu lenye ufa, la mahamri. Kuamka saa kumi na moja alfajiri kuyapanga na kuyapeleka stejini, kwa sababu aliyekuwa akiyapeleka hayupo. Mtoto mdogo ambaye halali mpaka apewe kanga ya mama, na asiyekubali ifuliwe kwa kuwa harufu itatoka.

Nilikuwa nimeifundisha riwaya ile ukurasa kwa ukurasa. Sinia hilo halimo.

Daftari lile nilikaa nalo. Shule ina desturi ya kusoma insha bora mbele ya darasa, na hii ilikuwa bora kupita zote, lakini sikuisoma. Sikumwita ofisini pia, kwa sababu ofisi yetu ina walimu kumi na mlango ulio wazi, na msichana anayeitwa huko bila kosa hurudi bwenini akiwa na maswali ya kujibu. Sikusahihisha hata sarufi. Chini ya ukurasa wa mwisho niliandika kwa penseli: "Nimemsikia Umu. Akiwa na zaidi ya kusema, nipo."

Alikuja, wakati wengine wamekwenda michezoni. Alisimama mlangoni mwa maktaba, daftari kifuani.

"Mwalimu, nilikuwa nauliza. Umu angemwambia nani?"

"Wewe unaonaje?"

"Labda khalati yake. Lakini khalati atasema mama ni mbaya."

"Na Umu anamwona mbaya?"

Akafikiri. "Umu hajui. Ana hamu naye, na ana hasira naye. Vyote."

"Inawezekana kuwa na vyote?"

"Kwenye kitabu inawezekana," akasema.

Tuliendelea hivyo kwa siku kadhaa, yeye na mimi, tukimzungumza Umu. Umu anakula nini. Umu anapata wapi ada. Umu akiulizwa na majirani anasema nini, na hapo nilicheka, naye akacheka, kwa sababu nilimtajia jibu la bibi yangu kana kwamba lilikuwa la Umu, naye akasema lake linafanana. Sikumwambia hata mara moja, "Hii ni hadithi yako." Ningesema hivyo ningekuwa nimeivunja nyumba aliyokuwa amejijengea ya kuzungumzia. Kisha siku moja, katikati ya maneno, Umu akageuka kuwa "mimi". Hakugundua, au aligundua akaacha. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ndipo nilipomwomba ruhusa ya kumshirikisha mwalimu wa ushauri nasaha, akakubali kwa sharti kwamba dada mkuu wa bweni asijue, na sharti hilo tulilitimiza. Khalati halisi alipatikana, Malindi, na hakusema kwamba mama ni mbaya. Alikuja na nauli, akawachukua wadogo. Msichana alifanya mtihani wake. Habari za mama yake sijaziuliza. Akitaka kuniambia, ataniambia.

Baada ya hapo nilianza kuviangalia vitabu hivi kwa jicho jingine, na nikaona kitu ambacho wasichana wenyewe walikuwa wameshakiona. Mmoja wao alikisema hivi: "Mwalimu, kila kitabu kina mtu mmoja wa nje." Kweli. Kwa Maimuna, yupo Biti Kocho. Kwa Umu, yupo Hazina, kisha Apondi. Niliwasimulia Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie, iliyotoka 2003, kwa kuwa haikuwa kwenye mtaala wao. Kambili ana miaka 15. Baba yake, Eugene, ni tajiri anayesaidia maskini na kusifiwa kanisani, na nyumbani amewapangia watoto ratiba ya kila saa ya siku. Anamwagia bintiye maji ya moto miguuni kwa kosa la kulala nyumba moja na babu asiye Mkristo. Kambili maneno yanamkwama. Hawezi hata kucheka na wenzake. Kinachomfungua si hotuba ya mtu. Ni kukaa Nsukka nyumbani kwa shangazi yake, Ifeoma, mhadhiri wa chuo kikuu, mjane asiye na pesa, ambaye mezani kwake watoto wanabishana, wanauliza, wanacheka kwa sauti. Wasichana wangu hawajafika Nigeria, lakini walimjua Ifeoma mara moja. Kila mmoja alikuwa na jina la mtu kichwani, au alikuwa na pengo mahali ambapo jina hilo lingekaa.

Lakini Rosa hakuwa na mtu huyo. Nikiisoma Rosa Mistika siku hizi, hilo ndilo linaloniuma zaidi, kuliko hata Zakaria.

Sasa niseme linaloniudhi. Riwaya hizi tunaziua wenyewe kwa namna tunavyozifundisha. Chozi la Heri ilipokuwa kitabu teule, wanafunzi wengi wa kidato cha nne hawakuisoma. Waliusoma mwongozo wake. Mwongozo uliwaambia nani ni mhusika mkuu, maudhui ni yapi, mbinu za lugha ni zipi, na sifa za kila mhusika zimeorodheshwa moja, mbili, tatu. Kisha likaja swali la aina hii: "Naomi ni mzazi asiyewajibika. Thibitisha." Alama ishirini. Hebu fikiria msichana yule wa sinia la bluu ameketi mbele ya karatasi hiyo. Amejua kwamba mtu anaweza kuwa na hamu na mama na hasira naye kwa pamoja, jambo ambalo watu wazima wengi hawajalijua. Tunamtaka athibitishe ubaya, hoja kumi, na kila hoja na mfano wake. Akiandika alichokielewa, atakosa alama.

Najua mtihani hauondoki kesho. Nimesahihisha karatasi hizo na najua kwa nini zinatungwa hivyo: maelfu ya watahiniwa, na majibu yanayopaswa kupimwa kwa mizani moja. Lakini kabla ya mtihani kuna mihula mingi. Soma riwaya nzima darasani, kwa sauti, kabla ya kumtaja mhusika yeyote ubaoni. Waache wamkasirikie wamtakaye. Wape barua, si dondoo peke yake. Na msichana akiandika kitu kisichomo kwenye kitabu, usikate kwa kalamu nyekundu ukaandika "nje ya mada".

Kwa wazazi wanaokuja siku ya kutembelea wanafunzi kulalamika kwamba vitabu hivi vinawafundisha watoto kuwasema wakubwa wao: nawaelewa, na bibi yangu angesimama upande wenu. Lakini mtoto hahitaji kitabu ili aone. Ameshaona. Alichokosa ni mahali pa kukisema bila kuwaaibisheni, na kitabu kinampa mahali hapo. Binti yako akikaa kimya na riwaya mkononi, usimuulize imefundisha nini. Muulize nani amemuudhi ndani yake, umsikilize anavyojibu.

Na kwa waandishi na wachapishaji wetu ninalo ombi moja. Riwaya kadhaa nilizozitaja hapa zilifika mikononi mwa wasichana kwa sababu mtaala ulizibeba, na nyingi ziliandikwa kwa ajili ya watu wazima zikashushwa darasani. Tunahitaji riwaya za Kiswahili zilizoandikwa kwa msichana wa miaka 13 hadi 17, fupi, za bei ambayo akiba ya mwanafunzi inaweza kuifikia, zisizo na maswali ya marudio mwishoni mwa kila sura. Andikeni kuhusu mama aliyepewa talaka tatu, baba aliye Uarabuni asiyepiga simu, kaka anayetumia unga, nyanya anayelea wajukuu kwa kuuza mboga. Nyumba ikiharibika katika sura ya kwanza, msichana wetu awe hai katika sura ya mwisho, na katikati muwekeeni mtu mmoja wa nje.

Walimu mnaozifundisha riwaya hizi, andikeni namba ya simu ya msaada kwa watoto pembeni mwa ubao siku mnapofika kwa msichana kama Umu, na muiache hapo mpaka muhula uishe. Kenya na Tanzania ni ileile, 116, na kupiga ni bure.